Soma majina ya nyuma ya albamu: namna ya kutafuta bendi za roki ya indie na kutoa maoni yanayomfaa mwenzako

Ukiandika "indie rock" kwenye kisanduku cha kutafutia cha programu yoyote ya muziki, unaletewa nyimbo ambazo mamilioni ya watu wameshazisikiliza. Si vibaya kuanzia hapo, lakini ukibaki hapo miezi sita utakuwa unazunguka uwanja uleule. Bendi unazozitafuta ziko hatua mbili tatu nyuma. Njia ya kuzifikia ni kusoma majina ya watu waliotengeneza albamu unayoipenda, kisha kuwafuata mmoja mmoja: lebo (kampuni inayotoa rekodi), fundi mitambo anayerekodi studio, mpiga besi, mgeni aliyesaidia kuimba kiitikio. Programu hukisia ladha yako kwa kuangalia ulichobonyeza. Majina yanakupeleka kwa watu waliochaguana wenyewe kufanya kazi pamoja, na mara nyingi watu hao wana sikio linalofanana.

Neno "indie" lenyewe linasaidia ukijua lilikotoka. Ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujitegemea, na mwanzoni halikutaja mlio wowote wa gitaa. Lilitaja nani kalipia rekodi na nani kaisambaza. Januari 1977 Buzzcocks wa Manchester walitoa rekodi ya nyimbo nne, Spiral Scratch, kwa pesa za kukopa na kwa jina la lebo yao wenyewe. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Mwaka 1978 duka la Rough Trade la London, lililofunguliwa miaka miwili kabla, likaanzisha lebo yake. Baadaye neno likahamia kwenye mlio, ndiyo maana leo utakuta bendi "za indie" zikiwa chini ya kampuni kubwa kabisa. Kwa mtafutaji, maana ile ya kwanza ndiyo yenye faida. Lebo ndogo huendeshwa na watu wachache wanaotoa kile wanachokipenda. Ukiipenda albamu yao moja, kuna nafasi nzuri utaipenda na nyingine.

Tufuate njia moja mpaka mwisho

Chukua bendi ya sasa: Wednesday, kutoka Asheville, North Carolina, Marekani. Albamu yao Rat Saw God ilitoka 2023. Tuseme umeisikiliza mara mbili na imekuingia. Fungua ukurasa wake Discogs, tovuti iliyoanza mwaka 2000 na inayoorodhesha rekodi pamoja na majina ya walioshiriki. Ukurasa wa Bandcamp, tovuti ambako wasanii na lebo huuza muziki wao moja kwa moja, nao unafaa, kwa sababu wasanii wengi huandika majina hayo chini ya orodha ya nyimbo. Sasa shika daftari.

Jina la kwanza ni lebo: Dead Oceans. Fungua orodha ya bendi zake. Utakutana na Mitski, Phoebe Bridgers, Japanese Breakfast na Slowdive. Hao wanajulikana, waruke kwa leo. Panga orodha kwa mwaka, tazama miaka mitatu ya karibuni, uchukue majina mawili ambayo hujawahi kuyasikia.

Jina la pili ni mpiga gitaa, MJ Lenderman. Ana albamu zake mwenyewe: Boat Songs ya 2022 ilitolewa na Dear Life Records, lebo ndogo, na Manning Fireworks ya 2024 ilitolewa na ANTI-. Hapo tayari una lebo mbili mpya za kufungua, na hiyo ndogo ndiyo ya kuanza nayo. Vilevile Lenderman ni mgeni kwenye Tigers Blood ya Waxahatchee, 2024. Wageni wa namna hii hukaa kwenye maandishi madogo mwishoni, na watu wengi hawafiki huko.

Jina la tatu ndilo tunalolithamini kuliko yote, nalo ni la fundi mitambo: Alex Farrar, wa studio ya Drop of Sun palepale Asheville. Bonyeza jina lake uone alichorekodi. Utamkuta Indigo De Souza na albamu ya All of This Will End, 2023, iliyotolewa na Saddle Creek, lebo iliyokulia Omaha, Nebraska. Fungua Saddle Creek utaikuta Big Thief, ambao albamu zao mbili za kwanza, za 2016 na 2017, zilitoka hapo kabla hawajahamia 4AD ya London.

Nusu saa haijaisha na una majina saba au nane, yote yakiwa na sababu ya kuwapo kwenye daftari. Kosa linalofuata hapa ni kuyasikiliza yote usiku huohuo. Baada ya albamu ya tatu sikio linachoka, kila gitaa linafanana na lililopita, na unafuta bendi ambayo wiki ijayo ungeipenda. Chagua mbili. Nyingine andika mbele yake umeipata kupitia nani, maana baada ya mwezi hutakumbuka.

Njia hii inafanya kazi hata kwa muziki wa zamani. Robert Scott alipiga besi kwenye The Clean, bendi ya Dunedin, New Zealand, iliyokuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa kutolewa na lebo ya Flying Nun mwaka 1981. Mfuate utaifikia The Bats, bendi yake nyingine, yenye magitaa mepesi na nyimbo fupi. Fuata nani alitoa upya rekodi za The Clean Marekani utafika Merge, lebo ya North Carolina iliyoanzishwa 1989 na wanamuziki wawili wa Superchunk. Ukitaka fundi mmoja wa kukushughulisha mwaka mzima, mfuate Steve Albini wa Chicago, aliyefariki Mei 2024. Alirekodi Surfer Rosa ya Pixies (1988), Pod ya The Breeders (1990), Rid of Me ya PJ Harvey (1993) na Attack on Memory ya Cloud Nothings (2012). Sikiliza drams tu katika hizo nne: unasikia chumba kizima zinamopigwa, kana kwamba umesimama mlangoni.

Hata karibu na nyumbani njia ni ileile. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mwaka 2020 albamu ya Duma, watu wawili wa Nairobi wenye muziki mzito wa makelele na mayowe. Huo si indie wa magitaa matamu, lakini ukiufungua Bandcamp na kushuka chini ya ukurasa, unaingia kwenye mtandao wa wasikilizaji ambao usingewapata kwa kutafuta "rock Kenya".

Majina yanayopotea na bendi zisizokuwapo

Bendi za indie zina tabia ya kujiita kwa maneno ya kawaida. Wednesday ni Jumatano, na ukitafuta hivyo tu utaletewa kalenda na tamthilia. Kulikuwa pia na Low ya Duluth, Minnesota, Women ya Calgary, Girls ya San Francisco. Usitafute jina peke yake. Andika jina, mji na lebo pamoja: "Women Calgary Jagjaguwar". Au tafuta jina la albamu, ambalo mara nyingi ni la kipekee zaidi. Angalia pia kama nyimbo zote kwenye ukurasa wa msanii ni zake kweli, kwa kuwa programu huchanganya wasanii wenye jina moja: ukiona albamu ya roki na katikati yake singo ya muziki wa klabu wenye lebo tofauti kabisa, hao ni wasanii wawili.

Siku hizi kuna jambo la kuangalia zaidi. Mwaka 2025 The Velvet Sundown, "bendi" iliyotengenezwa kwa akili bandia, ilifikisha zaidi ya wasikilizaji milioni moja kwa mwezi Spotify. Kagua kwa dakika tano: kuna jina la fundi na studio? Kuna video ya watu wakipiga jukwaani? Kuna mtu aliyewaona katika mji wao? Kama vyote havipo na albamu zimetoka mbili tatu ndani ya wiki chache, ruka.

Wanunuzi wa Bandcamp, redio na Ijumaa

Bandcamp ina kitu kimoja ambacho wageni wengi hawakioni. Kando ya albamu kuna picha ndogo ndogo za watu walioinunua, na wengine wameandika sentensi moja kuhusu wimbo wanaoupenda. Bonyeza picha, utaona kila alichonunua mtu huyo. Hapo tumia akili kidogo: usianze na albamu maarufu, kwa sababu wanunuzi wake ni wa kila aina. Tafuta albamu unayoipenda yenye wanunuzi wachache, kisha mtafute mnunuzi ambaye mna albamu mbili za namna hiyo mnazozishiriki. Mtu mwenye mkusanyo wa albamu 50 hadi 300 anafaa kuliko mwenye 5,000. Wa kwanza anachagua, wa pili anakusanya. Ukimpata mmoja anayefaa, mkusanyo wake utakutosha kwa miezi.

Kwa kawaida unaweza kusikiliza Bandcamp bila akaunti. Wimbo ukigoma kucheza baada ya kuusikiliza mara kadhaa, intaneti yako haina tatizo: msanii anaweza kuweka kikomo cha kusikiliza bure.

Redio bado ina nguvu hapa, hasa KEXP ya Seattle. Tovuti yake huonyesha kila wimbo unaopigwa pamoja na albamu, lebo na mwaka, yaani vitu vilevile unavyohitaji daftarini. Seattle iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 10 au 11 kufuatana na majira, kwa hiyo saa 2 asubuhi kwao ni saa 12 jioni au saa 1 usiku kwetu. Acha ikiwa inacheza wakati wa kupika, na ukisikia kitu, tazama jina papo hapo.

Tangu Julai 2015 albamu mpya hutoka Ijumaa karibu dunia nzima. Ijumaa jioni pitia kurasa za lebo zako tano au sita, sikiliza wimbo wa kwanza na mmoja wa katikati wa kila albamu mpya, basi. Wimbo wa kwanza umechaguliwa kukuvuta. Wa katikati unakuambia kama nguo ina kitambaa mpaka ndani.

Bando na sikio

Hesabu ya bando ni rahisi. Albamu ya dakika 40 kwa ubora wa kbps 96 (kilobiti kwa sekunde) hula takriban MB 29, kwa kbps 160 MB 48, na kwa kbps 320 MB 96. Kwa kuonja tu, 96 inatosha. Kwa albamu unayotaka kuitolea maoni, ipakue kwa ubora wa juu ukiwa kwenye wi-fi, uisikilize nje ya mtandao. Video za bendi zikipiga studio ziache kwa wi-fi pia.

Usihukumu besi kwa spika ya simu. Uzi mzito wa gitaa la besi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haifiki chini hivyo. Maoni mengi ya "muziki mwembamba" yanatoka hapo. Hedifoni za waya za bei ndogo zinatosha kabisa.

Sikiliza mara tatu, siku tofauti. Mara ya kwanza usisome chochote kuihusu, andika tu dakika iliyokufanya uinue kichwa. Mara ya pili tumia hedifoni, maneno ya nyimbo yakiwa mbele yako. Mara ya tatu iache icheze ukifanya kazi nyingine, uone ni wimbo upi unakurudia kichwani bila kuitwa. Mara hii ya tatu ndiyo hubadilisha maoni ya watu wengi.

Na hapa msikilizaji wa Kiswahili ana mtaji wake. Aliyekulia kwenye dansi na rumba ameshazoea kutenganisha gitaa la solo, la rithimu na la besi, na anajua lini sebene inaingia. Tumia sikio hilohilo. Magitaa mawili ya bendi ya indie yanagawanaje kazi? Besi inafuata drams au inaimba wimbo wake? Ukitaka mlango wa kuingilia, anza na albamu ya kwanza ya Vampire Weekend, New York, 2008. Gitaa lake ni safi na linarukaruka kama la Kongo, na wimbo mmoja umebeba kwassa kwassa kwenye jina lake kabisa.

Kuna mambo mawili yanayowapoteza wageni. La kwanza ni makelele ya mkanda. Bee Thousand ya Guided by Voices, 1994, ilirekodiwa kwa mashine ya nyumbani ya njia nne, yaani inayoweka sauti nne tu kando kando kwenye mkanda. Ule mchakacho na nyimbo kukatika ghafla ndiyo sura ya kazi hiyo, si faili bovu. La pili ni sauti ya mwimbaji iliyozama chini ya magitaa, kama Loveless ya My Bloody Valentine, 1991. Hapo sauti imetumika kama chombo kimojawapo. Usiandike kwamba fundi amekosea mpaka umejiuliza kama alikusudia.

Kumwambia mwenzako

"Hii albamu ni moto, sikilizeni wote." Ujumbe huu hutumwa kila siku na hakuna anayefungua, kwa sababu haumpi mtu sababu wala pa kuanzia. Linganisha na huu:

"Wednesday, Rat Saw God, 2023. Nyimbo 10, haifiki dakika 40. Anza na wa 5, Chosen to Deserve: gitaa nene lililonyooka, nyuma yake pedal steel inalia, lile gitaa la kulazwa ambalo mpigaji huteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. Ukiupenda, rudi wa 2, Bull Believer, unaozidi dakika 8 na kuishia kwenye mayowe. Kama hupendi mkwaruzo wa magitaa, usijilazimishe."

Ndani yake mna vitu vitano: ni nini na ya lini, urefu, pa kuanzia, kitu kimoja kinachosikika, na nani haimfai. Hicho cha tano watu hukiacha kwa kuogopa kuonekana hawajaipenda, nacho ndicho kinachofanya wakuamini mara ijayo.

Taja dakika. "Dakika ya 3 na sekunde 10 drams zinaacha kupiga na gitaa moja linabaki" ni maneno ambayo mwenzako anaweza kuyahakiki, akakubali au akakataa. "Ina hisia sana" hawezi kuyafanyia chochote. Kufananisha na bendi nyingine kunafaa tu kama msomaji anaijua hiyo nyingine. Ukimwambia mtu asiyeijua Pavement kwamba albamu inafanana na Pavement, umempa kazi mbili. Mfananishie na anachokijua, hata kama ni bendi ya dansi, ilimradi useme kinachofanana ni kitu gani hasa: mwendo, mpangilio wa magitaa, au namna mwimbaji anavyochelewa kuingia.

Ukilalamika, taja sababu. "Nusu ya pili inachosha" ongeza: "kwa kuwa nyimbo nne zinafuatana kwa mwendo mmoja na zote zinaanza kwa gitaa peke yake." Mara nyingi ukitafuta sababu utagundua kosa ni mpangilio wa nyimbo, si nyimbo zenyewe, na hayo ni maoni tofauti kabisa.

Alama za namba zina kazi yake. Pitchfork, tovuti ya wahakiki wa muziki, hutoa alama kuanzia 0.0 hadi 10.0; Rate Your Music, ambako wasikilizaji wenyewe hutoa alama, hutumia nyota nusu hadi tano. Ukitaka kutoa alama, ngoja wiki moja, na kwanza andika ni albamu zipi kwako zina alama ya juu kabisa na ya kati. Bila kipimo hicho, 7 yako na 7 ya jirani hazihusiani.

Kwenye kundi la WhatsApp tuma wimbo mmoja, sentensi mbili, na dakika ya kusubiri. Orodha ya nyimbo kumi huachwa bila kuguswa. Usirekodi wimbo kwa kuelekeza simu kwenye spika. Besi inapotea na mkwaruzo wa magitaa unageuka mvua ya bati. Tuma linki, na kama wengine hawana akaunti ya programu unayotumia, tuma ya Bandcamp. Mtu akikujibu hajaipenda, muulize alisikiliza wimbo upi na kwa kifaa gani kabla ya kuitetea. Jibu lake huenda likakuonyesha kitu ambacho hukukisikia.

Albamu ikidumu nawe mwezi mzima, inunue. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, gharama za malipo huongezeka juu yake, na kinachobaki huenda kwa msanii au lebo yake. Katika Ijumaa maalumu zilizoanza Machi 2020, kampuni huacha sehemu yake. Malipo ni kwa PayPal au kadi. Kenya kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa ni njia mojawapo. Kama ni sahani ya santuri, soma gharama ya posta kabla ya kubonyeza, maana inaweza kuzidi bei ya sahani yenyewe. Kisha pakua MP3 ya kbps 320 au FLAC (faili kubwa zaidi isiyopoteza ubora), uweke nakala ya pili nje ya simu, na kwenye sanduku dogo la maoni andika jina la wimbo na sentensi yako moja. Iandike kwa Kiswahili. Atakayebonyeza picha yako ataona na vingine ulivyonunua.